Je, Wajua? Mtumiaji wa Kwanza Yumo Barazani

Je, wajua kwamba mfumo uliomo ndani ya simu nyingi za Afrika Mashariki ulianza kama swali la mwanafunzi kwa watu asiowajua hata kwa sura? Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aliandika kwenye jukwaa liitwalo comp.os.minix. Waliojaa humo walikuwa watumiaji wa Minix, mfumo mdogo wa kompyuta uliotungwa kwa ajili ya kufundishia. Aliwaeleza kwamba anatengeneza mfumo wake wa bure, kwamba ni wa kujifurahisha tu na hautakuwa mkubwa. Kisha akauliza: katika Minix mnapenda nini, na nini kinawakera?

Hilo swali ndilo lililobeba kila kitu. Siku hiyo hakuwa na cha kuwapa. Toleo la kwanza, 0.01, lilitoka Septemba. Wala hakuwa mgeni. Mwezi Julai alikuwa ameshauliza mambo ya kiufundi palepale, akasaidiwa. Kwa hiyo alipokuja na habari yake, watu walikuwa wanamsikiliza mtu wa barazani mwao, mwenye shida wanayoifahamu.

Je, wajua kwamba hata jina Linux si yeye aliyelichagua? Yeye alitaka kuuita Freax. Ari Lemmke, aliyempa nafasi kwenye seva ili watu wapate pa kupakulia mafaili, ndiye aliyeipa folda jina hilo, na jina likashika.

Na aliyemkosoa hadharani alikuwa nani? Mwenye Minix mwenyewe. Tarehe 29 Januari 1992 Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam aliandika kwenye jukwaa lilelile kwamba Linux imepitwa na wakati. Torvalds akajibu kwa hasira, kesho yake akaomba radhi kwa ukali wa maneno, na kazi ikaendelea. Leo kiini cha Linux kimo ndani ya kila simu ya Android. Vuguvugu hilohilo la programu huria ndilo lililofika mpaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili.

Je, wajua kwamba siku 19 kabla ya bandiko la Torvalds, yaani tarehe 6 Agosti 1991, Tim Berners-Lee alitangaza mradi wake wa wavuti kwenye jukwaa jingine, alt.hypertext? Mambo mawili makubwa ya zama hizi, mwezi mmoja, na yote yalianza kwa mtu kuwaandikia wenzake.

Majukwaa hayo mawili yalikuwa sehemu ya Usenet, mtandao wa majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Ulikuwapo kabla wavuti haijazaliwa.

Je, wajua kwamba tangazo la kwanza kubwa la kero mtandaoni lilihusu bahati nasibu ya Green Card? Ndiyo, ileile ambayo kila Oktoba ilikuwa ikiwajaza watu kwenye studio na steshenari kupiga picha za mandhari nyeupe. Tarehe 12 Aprili 1994, wanasheria wawili wa Phoenix, Arizona, mume na mke, Laurence Canter na Martha Siegel, walibandika tangazo moja la huduma zao katika maelfu ya majukwaa ya Usenet kwa mkupuo. Waliokuwa wakijadili bustani walilikuta. Waliokuwa wakijadili hesabu walilikuta. Watu walighadhibika, wakatuma majibu mengi kiasi kwamba seva za kampuni iliyowauzia intaneti wanasheria hao zililemewa na kuanguka. Wao wawili hawakujuta. Waliandika hata kitabu cha kuwafundisha wengine njia hiyo. Mwaka 1997 Canter aliondolewa kwenye orodha ya mawakili wa jimbo la Tennessee, na tangazo lile lilikuwa miongoni mwa sababu.

Naikumbuka habari hiyo kila ninapoona mtu ameingizwa kwenye kundi la WhatsApp asubuhi, na kabla ya adhuhuri amebandika bango la biashara yake lenye rangi saba, bila hata salamu. Kundi halimjui. Admini anamtoa, naye anaondoka akiamini kwamba Watanzania hawapendi kununua mtandaoni.

Sasa tuliangalie kundi la mtaa kwa karibu, saa mbili usiku, watu wakiwa wamekula. Mama mmoja anaandika: "Jamani habari za jioni. Nani anamjua fundi friji asiyebabaisha? Nipo Mbagala Rangi Tatu, friji inaunguruma ila haigandishi." Ndani ya dakika chache zimekuja namba tatu za simu. Chini ya namba ya pili mtu anaongeza: "Huyo hapana, alichukua vifaa vyangu akapotea." Chini ya namba ya tatu mwingine anaandika: "Huyu mzuri, ila umpigie mapema." Mama anashukuru, mazungumzo yanahamia kwenye maji ya DAWASA.

Mtu anayefikiria kutengeneza programu ya kuwaunganisha mafundi na wateja, na akakaa miezi sita akisoma jumbe za namna hii, atajua jambo ambalo hakuna semina itakayompa. Mama hakuanza na bei, wala hakumtaka "fundi mwenye ujuzi wa kitaalamu". Alimtaka asiyebabaisha. Hilo ndilo neno la kuandika juu kabisa ya ukurasa wako. Na yule jirani aliyeandika "alichukua vifaa vyangu akapotea" amekuonyesha sehemu ya programu unayopaswa kuijenga kabla ya nyingine zote: mahali pa mteja kusema fundi alifanya nini.

Je, wajua kwamba kampuni ya Zapier ilipata watumiaji wake wa mwanzo kwa njia hii hasa? Mwaka 2011 Wade Foster, Bryan Helmig na Mike Knoop walikuwa Columbia, mji mdogo wa jimbo la Missouri, mbali na matajiri wa California. Walikuwa wakijenga kitu cha kuunganisha programu moja na nyingine, ili taarifa zihame zenyewe bila mtu kunakili kwa mkono. Foster alikwenda kwenye majukwaa ya wateja wa kampuni kubwa, kama Evernote, Salesforce na Dropbox. Humo alikuta watu wamelalamika miaka: lini mtaiunganisha hii na ile? Kampuni ilikuwa imejibu kwa upole au haikujibu kabisa. Foster akawa anaingia kwenye uzi mmoja mmoja na kuandika kwamba anatengeneza kitu kinachoweza kusaidia, akiweka linki.

Kila jibu lilimletea wageni wachache tu. Lakini kila mmoja wao alikuwa tayari ameshaandika shida yake kwa mkono wake. Aliyekubali kujaribu, Foster alikaa naye kwenye Skype akimwelekeza hatua kwa hatua, huku akiona anakwama wapi. Watu mia wa namna hiyo nawapenda kuliko elfu kumi waliopita tu mbele ya bango.

Je, wajua kwamba Etsy, soko la mtandaoni la kazi za mikono lililofunguliwa Brooklyn, New York, Juni 2005, lilitokana na kazi ya kibarua? Rob Kalin na wenzake walipewa kazi ya kutengeneza upya tovuti ya Getcrafty, jukwaa la watu wanaofuma, kushona na kufinyanga. Wakiwa ndani wakawa wanasoma wanachoandikiana wanajukwaa: tunatengeneza vitu vizuri, hatuna pa kuviuzia. Wakajenga pa kuviuzia. Waliowapa wazo ndio waliokuja kuwa wauzaji.

Je, wajua kisa cha Dropbox? Hiki nitakikalia kidogo, maana kinasimuliwa mara nyingi na kinasimuliwa nusu.

Drew Houston, mhitimu wa MIT, alipanda basi kutoka Boston kwenda New York akagundua amesahau flashi yake. Akaanza kuandika programu ya kuhifadhi mafaili ili yapatikane kwenye kompyuta yoyote. Aprili 2007 aliitambulisha kwenye Hacker News, jukwaa la watengenezaji programu ambalo Paul Graham alikuwa amelifungua Februari ya mwaka huohuo. Kichwa cha bandiko kilikuwa wazi: tupa flashi yako.

Mwanajukwaa mmoja akajibu kwa hoja tatu. Kwanza, anayetumia Linux anaweza kujiundia kitu hicho kwa zana zilizopo. Pili, flashi bado ina kazi, kwa sababu intaneti haipo kila mahali. Tatu, sioni utapataje pesa. Jibu hilo limebaki maarufu mpaka leo, na watu hulitumia kuwacheka wakosoaji. Nusu isiyosimuliwa ni hii: Houston alijibu hoja kwa hoja, kwa adabu. Mkosoaji naye akarudi, akakubali kwamba kwa mtumiaji wa kawaida wa Windows kitu hicho kina manufaa, akasema nia yake ilikuwa kumwonjesha mapema lawama atakazokutana nazo, akamtakia heri. Hivyo ndivyo baraza zuri linavyofanya kazi. Mtu alimpa Houston bure orodha ya maswali ambayo kila mwekezaji na kila mteja angekuja kumuuliza.

Mwaka uliofuata, Machi 2008, Houston akaweka video fupi kwenye Digg, jukwaa jingine lililokuwa na nguvu wakati huo. Ndani ya video alificha vichekesho ambavyo wana-Digg pekee wangevielewa, wakajiona wamekumbukwa. Kwa maelezo yake, orodha ya waliokuwa wakisubiri programu iliruka kutoka watu 5,000 hadi 75,000 kwa usiku mmoja. Linganisha na matangazo ya kulipia: alipojaribu kununua matangazo kwenye Google, kumpata mteja mmoja kulimgharimu kati ya dola 233 na 388, na alichokuwa akiuza kilikuwa cha dola 99 kwa mwaka.

Kuanzia Septemba 2008 hadi Januari 2010, waliojiandikisha walitoka 100,000 hadi milioni 4, wengi wakiwa wameletwa na marafiki zao waliozawadiwa nafasi ya ziada ya kuhifadhia.

Je, wajua kwamba ukipendwa ghafla unaweza kuzimika? Mwishoni mwa miaka ya 1990, tovuti ndogo zilizotajwa kwenye jukwaa la Slashdot, lililoanzishwa mwaka 1997, zilikuwa zikianguka kwa wingi wa wageni, hata hali hiyo ikapewa jina la jukwaa hilo. Kabla hujaposti, hakikisha seva yako inaweza kupokea shughuli.

Je, wajua kwamba Reddit yenyewe, jukwaa ambalo wengi huenda kutafuta watumiaji, lilianza likiwa tupu? Steve Huffman na Alexis Ohanian, waliokaa chumba kimoja Chuo Kikuu cha Virginia, walilifungua Juni 2005. Wazo walilolipeleka kwanza kwa Y Combinator, kampuni inayolea biashara changa, lilikuwa la kuagiza chakula kwa simu, likakataliwa. Wakaambiwa warudi na jingine. Siku za mwanzo walijifanya watu wengi, wakaposti kwa majina ya kubuni ili mgeni asikute ukumbi mtupu. Wamelieleza hilo wenyewe hadharani. Mimi silipendi, na simshauri mtu alifuate. Leo mwanajukwaa anayebainika amejisifu kwa majina matano hafukuzwi tu. Jina la bidhaa yake ndilo linalokumbukwa kwa ubaya huo. Reddit iliuzwa kwa Condé Nast mwaka 2006, na Machi 2024 hisa zake ziliingia soko la New York kwa dola 34 kila moja.

Miongoni mwa waliofaidika na ukumbi huo ni Alan Schaaf, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ohio. Aliona wana-Reddit wakilalamika kila siku kuhusu tovuti za kuhifadhia picha zilizojaa matangazo na kuvunjika ovyo. Februari 2009 akaja na Imgur, akaitambulisha kama zawadi yake kwao. Zawadi ilikuwa ya kweli, ilifanya kazi siku hiyohiyo, wakaanza kuitumia humohumo kwenye mabandiko yao. Kila picha waliyobandika ikawa inaitangaza.

Je, wajua kwamba Minecraft ilianzia kwenye jukwaa la watengeneza michezo wadogo wadogo? Markus Persson wa Sweden aliweka toleo la kwanza kwenye TIGSource tarehe 17 Mei 2009. Wenzake wakaanza kumrudishia picha za walichojenga. Mwaka 2014 Microsoft ilinunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5.

Na miwani ya Oculus? Palmer Luckey, kijana wa miaka 19, alikuwa msimamizi kwenye jukwaa la wapenzi wa picha za pande tatu, akieleza majaribio yake hatua kwa hatua. John Carmack, mtengenezaji mashuhuri wa michezo ya kompyuta, alimkuta humo, akaomba mfano wa miwani hiyo, akaionyesha kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 2012. Miaka miwili baadaye Facebook ilitoa dola bilioni 2 kuinunua kampuni ya Luckey.

Je, wajua kwamba bidhaa ya kwanza maarufu kununuliwa kwa bitcoin ilipatikana kwa kuomba jukwaani? Mei 2010 mwanajukwaa mmoja wa Florida alitangaza kwamba atampa bitcoin 10,000 yeyote atakayemletea piza mbili. Alingoja siku nne.

Je, wajua kwamba siku mpya kwenye Product Hunt, tovuti iliyoanzishwa na Ryan Hoover mwaka 2013 kwa ajili ya kutambulisha bidhaa mpya, huanza saa sita usiku kwa saa za California? Kwa saa zetu hiyo ni saa nne asubuhi wakati wa kiangazi chao, na saa tano asubuhi wakati wa baridi. Ni nafasi nzuri kwa aliyeko Nairobi au Mwanza: unaanza ukiwa umeamka vizuri na umekunywa chai. Lakini Wamarekani wa pwani ile wanaingia kazini saa kumi na mbili jioni yetu au baadaye, kwa hiyo maswali mengi yatakufikia giza likiingia. Nunua bando la kutosha na mwambie mtu wa nyumbani usiku huo asikungoje. Bidhaa inayoulizwa maswali saa mbili usiku na kujibiwa asubuhi ya pili imeshapoteza siku yake.

Hacker News nayo ina masharti yake kwa anayetambulisha kitu. Kiwe kitu ambacho watu wanaweza kukijaribu papo hapo. Ukurasa wa kuacha barua pepe na kungoja haukubaliki. Na ni mwiko kuwaomba marafiki wakupigie kura.

Je, wajua kwamba wengi wanaokusoma hawatakuandikia neno kamwe? Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, alieleza kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni, kwa kadirio, asilimia 90 husoma tu, asilimia 9 huchangia mara mojamoja, na asilimia 1 ndio waandishi wa karibu kila kitu.

Hapo ndipo ninapoumizwa na tabia ya "bei njoo inboksi". Kundi la WhatsApp linaweza kuwa na watu hadi 1,024. Mmoja akiuliza bei, nyuma yake wapo waliotaka kuuliza wakaona haya, waliokuwa kazini, na wasiopenda kumfuata mtu wasiyemjua faraghani. Ukijibu mbele ya wote, umewajibu hao wote mara moja. Ukimvuta yule mmoja pembeni, waliobaki wanajiuliza: bei hiyo inabadilika kwa kumwangalia mtu usoni? Vivyo hivyo kwa lalamiko. Mteja akisema mbele ya watu kwamba mzigo haujafika, lijibu mbele ya watu: umekwama wapi, utafika lini, nani anafuatilia. Wasomaji wako wa kimya wanakupima hapo kuliko kwenye bango.

Je, wajua kwamba mwanzilishi wa GitLab alikuwa akichota maji kisimani? Dmitriy Zaporozhets aliishi Ukraine katika nyumba isiyo na bomba, akaona hata hivyo kwamba kero kubwa zaidi ya maisha yake ni kukosa zana nzuri ya kushirikiana na wenzake kuandika programu. Mwaka 2011 akaanza kuitengeneza, akaiachia wote bure. Sid Sijbrandij, Mholanzi, akaiona na akataka kuiuza kama huduma. Alichofanya kwanza ni kumwandikia Dmitriy kumweleza nia yake, wakati kisheria hakulazimika. Dmitriy akafurahi. Mwaka 2012 Sid akaitambulisha kwenye Hacker News, na mamia wakajiandikisha kuijaribu. Mwaka uliofuata Dmitriy aliandika Twitter kwamba angependa kuifanya kazi hiyo muda wote. Sid akaona, akamwajiri. Oktoba 2021 kampuni yao iliingia soko la hisa la Nasdaq.

Je, wajua kwamba jukwaa lenyewe linaweza kuwa ndiyo kampuni? Stack Overflow, linalowajibu watengenezaji programu maswali yao tangu 2008, lilianzishwa na waandishi wawili waliokuwa tayari na wasomaji wao, Jeff Atwood na Joel Spolsky. Mwaka 2021 lilinunuliwa kwa dola bilioni 1.8 na Prosus, kampuni iliyozaliwa na Naspers ya Cape Town. Nigeria wana Nairaland ya Seun Osewa tangu 2005. Sisi tuna JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006 ikiitwa Jambo Forums na kuchukua jina la sasa mwaka 2008, chini ya Maxence Melo na Mike Mushi.

Ukitaka kujua Mtanzania anasumbuliwa na nini katika ufugaji wa kuku, mkopo wa benki au gari la mtumba kutoka Japani, soma nyuzi za zamani za JamiiForums. Zipo ambazo "wakuu", kama wanavyoitana humo, wamezijibu kwa miaka, mmoja akirudi kusema vifaranga walikufa wote, mwingine akimwuliza aliwapa chanjo siku ya ngapi. Na watu huandika humo kwa uwazi kwa sababu wanaamini majina yao hayatatolewa. Desemba 2016 Melo alikamatwa na kufikishwa mahakamani, na moja ya mambo yaliyohusika lilikuwa kukataa kukabidhi taarifa za wanachama. Mwaka 2019 alipewa tuzo ya kimataifa ya uhuru wa habari na CPJ, kamati ya kulinda wanahabari ya New York. Anayeanzisha biashara inayobeba taarifa za watu, hata kama ni daftari la kikoba, ajue kwamba mwanachama anamwachia kitu cha thamani ya namna hiyo.

Je, wajua, mwisho, jinsi Ushahidi ilivyopatikana? Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ghasia zilienea, na matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika mtandaoni kuhusu siasa za nchi yake, mapema Januari 2008 aliwauliza wasomaji wake: kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha nini kinatokea wapi? Waliojitokeza ni pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Ndani ya siku chache ramani ilikuwa hewani, na mtu wa kawaida aliweza kutuma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu.

Kutokana na timu hiyo kulikuja iHub, ukumbi wa wabunifu uliofunguliwa Nairobi Machi 2010, na baadaye kisanduku cha intaneti cha BRCK, kilichochangiwa na watu kwenye Kickstarter mwaka 2013 kwa zaidi ya dola 170,000. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, programu ileile ilipokea jumbe za waliofukiwa na wenye kiu, huku Wahaiti walioko ughaibuni wakizitafsiri kutoka Krioli usiku na mchana.

David Kobia, aliyeandika programu ya kwanza ya Ushahidi, alikuwa akiishi Alabama, Marekani. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa akiendesha Mashada, jukwaa kubwa la Wakenya mtandaoni. Januari hiyohiyo ya 2008, Mashada ikajaa matusi ya kikabila kiasi kwamba hakuna msimamizi aliyeweza kuyafuta kwa kasi yalivyokuja. Kobia akalifunga jukwaa lake mwenyewe. Mahali pake akafungua ukurasa mmoja, akauita kwa jina la Kiingereza lenye maana ya Sina Kabila, na watu walewale waliokuwa wakitukanana wakaanza kuja kuandika humo.